Bomba kwenye kimo cha mtoto: shajara ya kituo chetu, Sahare, Tanga

Kituo chetu kiko Sahare, upande wa bahari wa jiji la Tanga. Watoto ni 34, wa miaka mitatu hadi sita; walimu wawili, msaidizi mmoja na mpishi. Tunafuata mtindo wa kumwachia mtoto nafasi: vifaa viko kwenye rafu za chini, anachagua kazi mwenyewe, anaimaliza, anairudisha mahali pake. Katika kusoma na kuhesabu mtindo huo umeshakomaa. Katika afya ulikuwa haujafika hata mlangoni. Mtoto alikuwa ananawishwa, anapanguswa kamasi, anapakuliwa, analazwa. Mtu mzima akigeuza shingo, kila kitu kinasimama.

Mradi wa mwaka huu ni kuzihamishia kazi hizo mikononi mwa watoto wenyewe. Bajeti ni Sh 700,000, mchango wa wazazi ukijumlishwa na akiba ya ada. Naandika kila hatua inapokwisha, bei na vilivyoharibika vikiwemo, ili mwenye kituo Pangani, Muheza au Bagamoyo anakili bila kulipia yale tuliyokwisha kuyalipia sisi.

## 11 Januari 2025: Kupima kabla ya kununua

Tumepima watoto, kisha jengo. Urefu, uzito, na kimo cha kiwiko mtoto akiwa amesimama wima. Viwiko vya wadogo viko sentimita 55 hivi kutoka sakafuni. Sinki letu la kunawia liko sentimita 85. Maana yake mtoto wa miaka mitatu ananawa akiwa ameinua mikono juu, maji yanamchuruzika hadi kwapani, halafu anagombezwa kwa kulowesha shati.

Walio chini ya miaka mitano tuliwapima pia mzingo wa mkono kwa utepe wa rangi tulioazimwa zahanati. Kijani ni kuanzia sentimita 12.5, njano ni kati ya 11.5 na 12.5, nyekundu ni chini ya 11.5. Karibu wote walikuwa kijani. Waliosoma njano, wazazi wao waliitwa pembeni na kupelekwa kliniki na kadi zao. Ushauri mmoja kwa atakayefanya hivi: pimia chumba cha pembeni. Sisi tulianza barazani na papo hapo yakawa mashindano ya "mimi rangi gani?".

Kuna mzazi aliuliza kama hii ni shule au hospitali. Maria Montessori, mwanzilishi wa mtindo huu, ambaye jina lake limebandikwa kwenye mabango ya shule nyingi hapa nchini, alihitimu udaktari Roma mwaka 1896 kabla hajawa mwalimu. Kwenye nyumba yake ya kwanza ya watoto, iliyofunguliwa mtaa wa San Lorenzo, Roma, tarehe 6 Januari 1907, kupima urefu na uzito kulikuwa sehemu ya kazi ya kawaida. Siku hizi mtindo wake unauzwa kwa picha za shanga na vitalu vya mbao, mizani haionekani.

Gharama ya hatua hii: hakuna.

## 25 Januari: Kibuyu chirizi, kunguru na chumvi

Tulianza na kilicho rahisi. Dumu la lita tano limetobolewa, limening'inizwa kwenye mti mlalo, kamba imeshuka hadi kwenye kijiti cha kukanyaga. Kamba Sh 2,000, vingine tulikuwa navyo. Kibuyu chirizi kimewasaidia watu wengi na sina ugomvi nacho, ila kwa watoto wa miaka mitatu kilikufa ndani ya wiki kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni mguu. Mtoto mdogo akikanyaga kijiti anakanyaga kwa uzito wake wote, dumu linabinuka mzimamzima na nusu ya maji inamwagika kwenye magoti. Kusimama kwa mguu mmoja na kusugua mikono kwa pamoja ni kazi mbili, naye ndiyo kwanza anajifunza moja.

Ya pili ni maji. Tulikuwa tunachota kisima cha jirani, na visima vya huku ufukweni vina chumvichumvi. Sabuni haitoi povu. Watoto walikuwa wameambiwa "sugua mpaka uone povu", wakasugua, wasione, wakahitimisha kwamba sabuni imeharibika na kuacha kuitumia. Walikuwa na haki. Sasa tunanunua ndoo mbili za maji ya bomba kila siku kwa Sh 200. Maji ya bomba ya Tanga yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, hayana chumvi hiyo.

Ya tatu ni kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea pwani yote, wanakula sabuni. Kipande cha sabuni ya mche kiliwekwa saa mbili asubuhi, saa nne kilikuwa juu ya paa la jirani. Tulikifunga kwenye soksi. Soksi nayo ikaenda. Watoto waliacha kunawa wakakaa kutazama sinema ya kunguru.

Kilichofanya kazi: ndoo mbili za lita 20 zenye bomba la kuzungusha (Sh 26,000), stendi ya mbao ya seremala (Sh 35,000), mabeseni mawili (Sh 10,000), na shimo la kokoto la kunyonya maji machafu ili pasiwe na dimbwi la mbu (Sh 8,000). Sabuni ya mche tunaikwangua kwa kikwangulio, tunaiyeyusha kwenye maji ya bomba na kuitia kwenye chupa ya nusu lita ambayo kifuniko chake kimetobolewa kwa msumari wa moto. Mtoto anaibinua, tone linadondoka, kunguru hana la kufanya. Kukwangua sabuni imekuwa kazi ya rafuni, na inagombewa.

Jumla, pamoja na kamba: Sh 81,000.

## 15 Februari: Taulo moja

Stendi ilikuwa nzuri mno hata tukaitundikia taulo nyeupe. Baada ya siku chache macho mekundu yakazunguka kituo kizima, mtoto kwa mtoto, hadi mpishi. Ananawa mikono, halafu anafuta uso kwa taulo ambayo mwenzake ametoka kufutia jicho lenye tongo. Hapo usafi umekuwa usafiri.

Taulo imeondolewa. Kila mtoto sasa ana kitambaa chake, kilichokatwa kutoka khanga kuukuu zilizoletwa na akina mama, chenye picha iliyoshonwa kwa uzi mnene: kaa, ngalawa, embe, nazi, pweza. Asiyejua kusoma jina lake anaijua picha yake tangu siku ya kwanza. Vitambaa vinatundikwa kwenye ubao wenye misumari iliyoachana kiganja kizima, visigusane. Kwanza misumari ilikuwa karibukaribu, ikabidi ubao urudi kwa seremala. Ijumaa kila mtoto anafua chake.

Ubao Sh 12,000, misumari Sh 4,000, uzi Sh 3,000. Jumla Sh 19,000.

## 8 Machi: Unga wa lishe

Hatua hii ndiyo iliyotufundisha zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo.

Mpango ulikuwa ni watoto kujipakulia uji wenyewe. Majagi sita madogo ya plastiki (Sh 15,000), vikombe tulikuwa navyo. Jagi linajazwa nusu tu. Mtoto anamimina, akitaka zaidi anarudi. Mwanzoni meza zilikuwa ziwa, sasa umwagikaji ni mdogo na matambara yako palepale chini.

Unga ulikuwa ule ambao kila mtu Tanzania anaujua: mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga, vyote vimenunuliwa soko la Mgandini na kusagwa pamoja kwenye mashine moja. Kilo nyingi kwa mkupuo, Sh 46,000, tukijivuna kwamba tumeokoa nauli. Mwishoni mwa Februari, joto lilivyo Tanga wakati wa kaskazi, watoto wakaanza kujimiminia kidogo kuliko kawaida, kisha tone tu, kisha hawarudi. Zamani tulipokuwa tunapakua sisi, tungesema watoto wana deko, tukawashindilia. Majagi yalirudi yamejaa mpaka ikabidi mtu mzima naye aonje. Ulikuwa na ukakasi na harufu ya mafuta yaliyochacha.

Tulimwomba afisa lishe aje autazame. Alisema unga wa namna hii una matatizo ambayo hayatibiki kwa kuuanika tena. Mahindi, ulezi na mchele vyote ni nafaka, kuvichanganya hakuongezi kundi jipya la chakula. Soya mbichi ina viini vinavyozuia mwili kuisaga protini, na inahitaji kuiva muda mrefu kuliko uji unavyoiva. Karanga zikishasagwa mafuta yake yanachacha upesi. Na karanga pamoja na mahindi ndiyo makao makuu ya sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu. Punje chache zenye ukungu zikipita kwenye mashine zinachafua gunia zima, na kuchemsha uji hakuiondoi sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi waliyokula nyumbani. Unga wote tuliufukia shimoni. Hata kuku hatukuwapa.

Sasa tunafanya hivi. Unga ni wa nafaka moja, wiki hii ulezi, wiki ijayo mahindi, unanunuliwa wa wiki moja tu. Karanga zinanunuliwa nzima, na watoto ndio wanaozichambua kabla ya kukaangwa: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotoboka, zenye ukungu, zote zinatupwa. Kazi hii inastahili kuelezwa. Mtoto anakaa na sinia lenye bakuli mbili, anaokota punje moja, anaigeuza karibu na jicho, anaamua. Walimu tuliharakia kuwanunulia shanga za kupangwa kwa rangi, kumbe kazi ileile ilikuwa jikoni, na hii ina sababu. Mtoto mmoja wa miaka mitano aliwahi kuikataa punje niliyoipitisha mimi. Nilipoitazama tena kwenye mwanga ilikuwa na doa la kijani pembeni. Punje walizozikataa wanaziweka kwenye kopo lenye kifuniko, kisha wananawa.

Karanga zikishakaangwa zinatwangwa, na zinaingia sufuriani uji ukiwa umekaribia kuiva. Maziwa yaliyochemshwa yanafuata, na kikombeni mtoto anajinyunyizia unga wa ubuyu kwa kijiko kidogo. Ubuyu una vitamini C, na vitamini C haipendi moto, ndiyo maana hatuupiki pamoja na uji. Kabla ya kuanza, uliza kila mzazi kama mwanawe anadhurika na karanga. Mmoja kwetu anadhurika, uji wake una sufuria yake.

Ramadhani imeanza wiki hii, na mpishi wetu amefunga, hataki kuonja. Watoto wawili wanateuliwa kila asubuhi kuwa waonjaji. Hukumu zao ni kali. Jumatano uji ulirudishwa jikoni kwa kukosa chumvi.

Majagi na unga uliofukiwa: Sh 61,000.

## 12 Aprili: Choo

Masika yameingia kwa nguvu, na yametusukuma kwenye kazi tuliyokuwa tunaikwepa. Choo cha kituo kilijengwa kwa watu wazima: tundu pana, giza, mlango mzito, komeo juu. Tulishajua kwamba baadhi ya watoto wanakwenda nyuma ya mpapai. Hatukujua wangapi wanajibana mpaka nyumbani, hadi mama mmoja aliposema mwanawe anapata choo kigumu na hafurahii kunywa maji shuleni. Mtoto alishapiga hesabu: asipokunywa, hatalazimika kwenda kule.

Mara hii tuliwauliza wenyewe. Majibu yao: "nitatumbukia", "kuna mtu chini", "mlango unanila".

Fundi mwashi aliweka masinki mawili ya plastiki ya kuchuchumaa, madogo, yenye kifuniko kinachojifunga chenyewe, kwa hiyo hakuna tundu la kutumbukia na nzi wamepungua. Kuta zimepigwa chokaa nyeupe, tofali mbili zimetolewa juu ili mwanga uingie. Mlango umekatwa nusu: mtoto ana faragha yake, mtu mzima aliye nje anaona miguu. Komeo limeng'olewa, badala yake kuna kibao chenye upande mwekundu na upande wa kijani.

Kilichoharibika ni sehemu za kukanyagia. Fundi alizimwaga kwa kipimo alichokizoea, zimeachana kwa mguu wa mtu mzima. Watoto walikuwa wamepanuka miguu kama mafundi wa ngalawa, wanashika ukuta, na mmoja alianguka. Pia sakafu ilikuwa imeinamia mlangoni, mvua ya kwanza ikaleta kila kitu nje. Ikabidi ivunjwe. Safari ya pili tulikata boksi la kiberiti cha dukani, lile kubwa la katoni, watoto wakachuchumaa juu yake mmoja mmoja kwa namna wanavyoona raha, tukazungushia nyayo zao kwa mkaa. Nyayo za wadogo na wakubwa hazikutofautiana sana kwa nafasi ya katikati, zilitofautiana kwa urefu tu. Fundi alicheka, akachukua katoni, akamwaga zege kwa kuifuata. Haijavunjwa tena.

Jambo la pili la masika ni miguu. Darasani watoto wanavua viatu, kisha wanatoka pekupeku hadi chooni. Mchanga wetu wenye kivuli na unyevu ndio mahali minyoo ya safura inapopenda. Viluwiluwi vyake vinaingia kwa kutoboa ngozi ya mguu. Sasa ndala zinakaa mlangoni, kila mtu na zake. Wengi wameleta kutoka nyumbani, tumeongeza jozi 12 kwa wasioleta.

Saruji mifuko minne Sh 68,000, mchanga Sh 40,000, masinki Sh 50,000, fundi Sh 60,000, kuvunja na kumwaga upya Sh 30,000, chokaa Sh 15,000, ndala Sh 30,000. Jumla Sh 293,000. Ndiyo hatua ghali kuliko zote, na ningeifanya ya kwanza kama ningeanza leo.

Nyongeza, 26 Aprili: yule mtoto wa choo kigumu anakunywa maji.

## 17 Mei: Usingizi

Fupi. Saa sita na nusu watoto wote walikuwa wanalazwa, anayesinzia na asiyesinzia, kwenye mikeka mikubwa na mito ya pamoja. Wasio na usingizi walikuwa wanawaamsha wenye usingizi. Sasa anayetaka kulala anatandika, asiyetaka anafanya kazi ya kimya. Tuliogopa kwamba hakuna atakayelala. Wadogo karibu wote wanalala, wa miaka sita karibu wote hawalali, na Jumatatu wanalala zaidi ya siku nyingine. Maelezo ya Jumatatu ni harusi na ngoma za mtaani za wikiendi.

Mito imeondolewa kwa sababu ya mapunye. Mapunye ya kichwani hayaishi kwa mafuta ya kupaka peke yake, yanataka dawa ya kunywa kutoka zahanati, na tumemwambia kila mzazi hivyo. Hatukumrudisha mtoto nyumbani, tumetenganisha malazi. Mikeka 20 ya mtu mmoja, ya ukili, imesukwa na mabibi wa hapahapa kwa Sh 5,000 kila mmoja: Sh 100,000. Khanga ya kujifunika inatoka nyumbani na kurudi nyumbani.

## 14 Juni: Visu, machungwa na baba mmoja

Machungwa ya Muheza yameshuka bei, ikawa wakati wa kuanza meza ya kukata. Visu sita vifupi visivyo na ncha (Sh 9,000), mbao nne za kukatia (Sh 12,000). Chungwa tunalipasua sisi nusu, mtoto anamalizia vipande. Tumeliweka kwenye mlo wa maharage na matembele kwa makusudi: vitamini C inausaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Chai ya rangi inafanya kinyume, kwa hiyo imehamishwa mbali na mlo huo. Mchubuko wa kidole umetokea, plasta ziko kwenye kopo, na aliyechubuka ndiye anayeshika kisu kwa uangalifu kuliko wote.

Damu haikumkera mzazi yeyote. Kilichowakera ni vyombo. Baba mmoja alifika saa ya mlo akamkuta binti yake anaosha vikombe.

"Mwalimu, mimi nimelima shamba la shule miaka saba. Walisema tunajitegemea. Sikumleta mwanangu hapa aanze na miaka minne."

Hoja yake ina uzito, na sikuwa na jibu la haraka. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka mikono na akili vifanye kazi pamoja. Yeye alichokumbuka ni jembe, jua, na mazao yaliyokwenda kwa mwalimu. Tulipokaa walimu kuangalia, tukakuta binti yake alikuwa anaosha pia vikombe vyetu. Hilo limekoma. Kanuni iliyobandikwa jikoni sasa ni kwamba mtoto hafanyi kazi ya mtu mzima: anaosha kikombe chake, anafagia alipomwaga, anakata tunda atakalolila yeye na wenzake. Kanuni nyingine ni kwamba kazi hizi hazitumiki kamwe kuwa adhabu.

Kwenye kikao bibi mmoja alisimama na kusema yeye alikalishwa juu ya mbuzi kukuna nazi akiwa na umri huohuo, na hakuona utumwa wowote, aliona nazi. Watu walicheka. Yule baba hakucheka, na amemhamisha mtoto. Tumebaki 33.

Mwezi huu pia ni wa matone ya vitamini A na dawa za minyoo, ambazo hutolewa nchini mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba. Wahudumu walikuja kituoni. Siku moja kabla tuliwaonyesha watoto mfano wa kidonge, wakaambiwa kinatafunwa na kina ladha gani, wakaulizana maswali. Aliyekataa hakubanwa pua. Kumlazimisha mtoto anayelia ameze kidonge ni kumtafutia kukabwa. Kwa wadogo kilisagwa na kuchanganywa na maji, na wawili waliokataa kabisa walikipata kesho yake zahanati, na mama zao.

Jumla: Sh 21,000.

## 19 Julai: Kamasi, na kona iliyogeuka

Upepo wa kusi umeleta baridi kidogo na mafua mengi. Kuna kisa cha San Lorenzo ninachokipenda: Montessori aliwafundisha watoto namna ya kupenga kamasi taratibu kwa leso, na walipomaliza wakampigia makofi kwa furaha. Alielewa kwamba watoto hao walikuwa wanasemwa kila siku kwa sababu ya kamasi, na hakuna aliyewahi kuwaonyesha jinsi ya kuziondoa. Tulifanya somo lilelile. Kioo kwenye kimo chao, karatasi laini, pipa la kukanyaga lenye kifuniko, tundu moja la pua kwa wakati mmoja, kisha bombani. Makofi hatukuyapata. Tulipata foleni mbele ya kioo, nusu yao hawana mafua.

Karatasi ziliisha upesi kuliko tulivyopanga, kwani zilikuwa zinachomolewa kwa kiganja. Sasa zinakatwa vipande na kuwekwa kimoja kimoja kwenye kikapu. Mkataji ni mtoto wa zamu.

Upande wa moyo, tulitengeneza kona ya utulivu: mkeka, pazia la khanga, chupa ya maji yenye mchanga wa pwani na vipande vya ganda la chaza ya kutikisa na kutazama vikituama. Mtoto aliyekasirika au aliyechoka kelele aende mwenyewe, atoke mwenyewe. Wiki ya kwanza ilipendwa. Wiki ya pili hakuna aliyeisogelea. Msaidizi alikuwa ameanza kusema "nenda kona!" kwa kila aliyesukuma mwenzake. Hana ubaya, alilelewa kwa bakora kama sisi wengine, na kona ilionekana kuwa bakora laini. Lakini mtoto akishapelekwa mahali kwa hasira, mahali hapo pameshapewa jina.

Kuibomoa isingesaidia. Tuliihamishia upande mwingine wa chumba, tukabadilisha pazia, na ikapigwa marufuku kumtuma mtu. Kisha sisi wakubwa tukaanza kuitumia. Mwalimu mwenzangu, siku aliyopata habari mbaya kwa simu, aliwaambia watoto "naenda kutulia", akakaa mle akiangalia chupa. Baadaye mtoto mmoja alimfuata, akaketi pembeni yake bila kusema neno. Tangu siku hiyo kona ina watu.

Kioo Sh 7,000, pipa Sh 18,000, karatasi za mwezi Sh 6,000, pazia Sh 10,000. Jumla Sh 41,000.

## 20 Septemba: Hesabu

Tumetumia Sh 616,000. Zimebaki Sh 84,000. Nje ya hapo kuna gharama za kila siku ambazo zimeingia kwenye ada: maji, sabuni, karatasi, ubuyu.

Kipimo cha pili tumefanya, chumba cha pembeni. Walioanza njano wamefika kijani, ingawa walikuwa pia wanahudhuria kliniki, kwa hiyo sifa si ya uji wetu peke yake. Kunawa bila kukumbushwa tunakuona baada ya choo na kabla ya mlo. Baada ya kucheza na mbuzi wa jirani bado. Ndala zinarudishwa mahali pake asubuhi, jioni zimetapakaa. Mama kadhaa wanasema nyumbani wanaombwa washushe ndoo chini.

Zilizobaki zinakwenda kwenye mifereji ya bati upande mmoja wa paa kabla ya vuli, tuache kununua maji ya kunawia. Tangi kubwa halitoshi kwenye fedha hii. Tutaanza na pipa la lita 200 lenye kifuniko na chujio la wavu, mbu wasizae humo.

Wanaoulizia vipimo vya stendi: meza ya ndoo sentimita 60 kutoka ardhini, ili bomba litokeze juu kidogo ya kiwiko cha mdogo, beseni linakaa kwenye rafu ya pili, sentimita 40, nafasi kati ya ndoo mbili sentimita 50, wawili wanawe bila kupigana viwiko. Miguu ya stendi ichongwe imetanuka kwa chini. Mbao zipakwe oili chafu sehemu inayogusa ardhi tu, maana mikono ya watoto inashika kila mahali pengine.